Dawa Isifungiwe Kabatini

Wako wenzetu wengi ambao wakisikia kwamba mtaalamu fulani ametumia miaka hamsini ya maisha yake akitafuta dawa ya ugonjwa wa paka, hucheka. Husema, "Paka! Hivi watu wamekwisha kupona wote hata zamu ifike kwa paka?" Mimi sicheki, na katika ukurasa huu wa Kiswahili wa gazeti letu naomba nafasi nieleze kwa nini. Habari ninayotaka kuwapa si ya paka peke yake. Ni habari ya dawa iliyopatikana, ikajaribiwa, ikaponya, kisha ikazuiliwa kwa miaka kadhaa huku wagonjwa wakifa na wenye paka wakigeuka kuwa wavunja sheria. Nasema kwamba jambo hilo lilikuwa kosa, na kwamba sheria za dawa katika kila nchi, yetu ikiwamo, zapaswa kutungwa ili lisitokee tena, kwa mnyama wala kwa mtu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita kwa herufi tatu, FIP. Ulielezwa katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1963 na Dr. Jean Holzworth, daktari wa wanyama katika hospitali moja ya Boston, Marekani. Chanzo chake ni virusi vya korona, lakini si vile vilivyoleta UVIKO-19 kwa watu. Jamii ni moja, ila koo ni mbalimbali. Virusi hivi vya paka hukaa matumboni na hutoka pamoja na choo. Mahali penye paka wengi karibu wote huvipata, na wengi wao hawaumwi, au huharisha kidogo tu. Lakini katika paka wachache virusi hubadilika. Badala ya kukaa matumboni huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo ni askari wa mwili, na kusafiri nazo kila mahali. Ni kama mwizi aliyevaa nguo za polisi: yule aliyewekwa alinde mji ndiye anayemfikisha adui kila mtaa.

Paka anayepatwa mara nyingi ni mchanga, hajafika miaka miwili. Huacha kula, hukonda, hushikwa na homa isiyosikia dawa. Kwa wengine tumbo hujaa maji ya manjano yanayonata kama ute wa yai, au maji hayo hujaa kifuani hata paka ashindwe kupumua. Wengine hawana maji, ila macho huharibika, au ubongo hushikwa wakawa wanayumba kama walevi. Kabla ya kupatikana dawa, paka aliyefika hapo alikuwa wa kufa tu, mara nyingi baada ya siku au majuma machache. Huruma pekee ambayo daktari aliweza kumfanyia ni kumdunga sindano ya kumlaza asiamke tena.

Mtu aliyeufuata ugonjwa huu kwa muda mrefu ni Profesa Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, katika mji wa Davis. Alianza kuushughulikia katika miaka ya 1960, alipokuwa angali mwanafunzi. Wataalamu walitumaini kwanza kupata chanjo. Lakini likaonekana jambo la kushangaza: paka waliokuwa tayari na kingamwili za virusi hivyo, walipoambukizwa katika majaribio, baadhi yao waliugua upesi kuliko wasiokuwa nazo. Kinga yenyewe ilimsaidia adui. Chanjo moja ya kutiwa puani ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1991, walakini haikuleta faida kubwa, na wataalamu hawashauri itumike kwa paka wote. Basi njia ya chanjo ilipoonekana kuwa ngumu, watafiti waligeukia njia ya pili, yaani dawa ya kuvizuia virusi visizaane.

Dawa mbili zilijaribiwa. Ya kwanza huitwa GC376, nayo ilitoka kwa wataalamu wa Kansas. Virusi vya korona hutengeneza utepe mrefu wa protini ambao hauna budi kukatwa vipande ndipo ufanye kazi. Mkasi wa kuukata ni wa virusi vyenyewe, na dawa hii huufunga mkasi huo. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba paka 8 walioambukizwa katika majaribio walipewa dawa hiyo, na 6 wakapona. Kisha Pedersen na wenzake wakaitumia kwa paka 20 wa majumbani walioupata ugonjwa wenyewe. Wakati matokeo yalipochapishwa, 7 walikuwa wazima. Mtu anaweza kusema kwamba saba katika ishirini ni wachache. Lakini kumbukeni kwamba hesabu ya zamani ilikuwa karibu na sifuri.

Dawa ya pili ndiyo iliyobadili mambo. Jina lake ni GS-441524, nayo ilitoka katika kampuni ya Marekani iitwayo Gilead Sciences. Virusi vinapozaana hunakili uzi wa urithi wao kama fundi anavyopanga matofali. Dawa hii hufanana na moja ya matofali hayo. Virusi hudanganyika, hulichukua, hulipachika, na ukuta hauendelei tena. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba paka 10 walioambukizwa katika majaribio walitibiwa, na wote 10 wakapona, ingawa 2 kati yao walihitaji kutibiwa mara ya pili. Mwaka 2019 yakaja matokeo ya paka 31 walioletwa na wenyewe kutoka majumbani. Watano walikuwa wamezidiwa mno, wakafa au wakalazwa mapema. Waliobaki 26 walimaliza majuma 12 ya sindano, na 25 kati yao walihesabiwa kuwa wameokoka na kuishi. Ugonjwa ambao kwa zaidi ya miaka hamsini ulikuwa ni hukumu ya kifo, sasa ulikuwa unatibika.

Hapo ndipo nilipotazamia kusoma kwamba dawa ilipelekwa viwandani, ikatengenezwa kwa wingi, ikafika kwa madaktari. Haikuwa hivyo. Kampuni haikutoa ruhusa dawa hiyo itengenezwe kwa ajili ya paka. Magazeti yaliyoandika juu ya jambo hili yalieleza sababu. GS-441524 ina ndugu wa damu, jina lake remdesivir. Remdesivir ikiingia mwilini hugeuka, na sehemu yake kubwa inayozunguka katika damu ni hiyohiyo GS-441524. Kampuni ilikuwa inaitayarisha remdesivir kwa ajili ya watu, ikaogopa kwamba kama paka wakitibiwa ovyo na madhara fulani yakaonekana, wakaguzi wa serikali wangeweza kuyatumia kuikataa dawa ya watu.

Nataka kuwa mwenye haki kwa kampuni hiyo. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Kutafuta dawa moja kwaweza kula fedha nyingi mno na miaka mingi, na mwenye mali ana haki ya kuilinda mali yake. Tena, wagonjwa ambao remdesivir ilikuwa inatayarishwa kwa ajili yao ni watu, na wengine walikuwa majirani zetu. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola mashariki ya Kongo kuanzia Novemba 2018, katika jaribio lililopewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 walishiriki, na dawa nne zililinganishwa. Mwezi Agosti 2019 remdesivir ilitolewa katika jaribio, kwa kuwa dawa mbili nyingine zilionekana kuokoa watu wengi zaidi. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyeokoka Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo alikuwa na sehemu kubwa katika habari hiyo. Sote yafaa tujivunie jambo hilo.

Lakini hofu ya mwenye mali ikikubaliwa iwe ndiyo neno la mwisho, nini hutokea? Tuliona. Mtu mwenye paka anayekufa hangojei. Kanuni ya dawa ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika majarida ya kitaalamu, na watu wenye ujuzi wa kemia wangeweza kuifuata. Viwanda visivyokuwa na ruhusa, hasa katika China, vilianza kuitengeneza na kuiuza kwa magendo. Chupa zilisafiri dunia nzima, nyingine zikiwa na maandishi ya uongo ili zipite forodhani. Wenye paka walilipa maelfu ya dola kwa mnyama mmoja. Walijifunza kudunga sindano wenyewe, kila siku kwa siku 84, huku paka akilia kwa uchungu, maana dawa hiyo huchoma ngozi. Madaktari wao walijua dawa ipo, walijua kwamba yaponya, lakini wengi waliogopa kuigusa wasije wakapoteza leseni zao.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha majibu ya wenye paka 393 waliotumia dawa hizo za magendo nyumbani. Wakati walipoulizwa, zaidi ya 96 katika kila 100 walisema paka wao wako hai. Hesabu hiyo tuipokee kwa tahadhari, kwa kuwa aliyefiwa na paka wake mapema huenda hakupata hamu ya kujibu maswali. Hata hivyo yaonyesha jambo moja waziwazi: dawa ilikuwa inafanya kazi, na sheria ilikuwa imesimama upande usiofaa.

Wengine watasema, "Kama magendo yaliponya, basi ubaya wake uko wapi?" Ubaya upo, tena mkubwa. Mnunuzi hakujua kilichomo chupani, wala hakuwa na mtu wa kumshtaki kama amedanganywa. Akipunguza kipimo ili kuokoa fedha, virusi huweza kuizoea dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa mkaidi zaidi. Maskini alikosa kabisa. Na jambo baya kuliko yote, watu wema walizoea kuona kwamba sheria ni adui wa huruma. Nchi ambayo watu wake wamezoea hivyo haitawaliki vizuri.

Sasa tazameni ilivyokuwa sheria ilipolegezwa kwa akili. Katika Uingereza, tangu Agosti 2021, daktari wa wanyama aliweza kuandika cheti na dawa ikatengenezwa kihalali na kiwanda kinachokaguliwa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya paka 307 waliotibiwa kwa njia hiyo ya halali, na karibu tisa katika kila kumi walikuwa wameishi. Marekani yenyewe, mahali dawa ilipozaliwa, ilichelewa. Mwezi Mei 2024 Idara ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilitangaza kwamba haitawachukulia hatua wanaochanganya dawa hiyo kwa cheti cha daktari, kwa ajili ya paka mgonjwa aliyetajwa. Tangu matokeo ya 2019 hadi tangazo hilo ni miaka mitano. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hesabu ya paka waliokufa katika miaka hiyo mitano hakuna aliyeiandika.

Kuna faida nyingine ya kufungua mlango. Dawa ikitumika mchana, wataalamu huweza kuichunguza na kuirahisisha. Watafiti wa Munich, Ujerumani, walitibu paka 18 kwa dawa ya kumeza badala ya sindano, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba wote 18 walipona. Mwaka 2024 wakatangaza jaribio la paka 40 waliokuwa na maji mwilini: nusu walitibiwa siku 84, nusu siku 42. Paka 38 walipona, na siku 42 zilionekana kutosha sawasawa na zile 84. Maana yake ni kwamba gharama ya dawa huweza kupungua kwa nusu. Mfanyabiashara wa magendo hawezi kamwe kufanya uchunguzi wa namna hiyo, kwani faida yake ni kuuza siku nyingi.

Halafu kuna habari ya kisiwa cha Cyprus, kisiwa chenye paka wengi sana barabarani. Mwaka 2023 ugonjwa huu ulienea huko kwa namna isiyokuwa ya kawaida. Wataalamu waligundua kwamba virusi vya paka vilikuwa vimechanganyika na virusi vya korona vya mbwa, vikawa namna mpya inayoweza kupita kutoka kwa paka mmoja hadi mwingine kwa urahisi. Serikali ilikuwa na akiba ya vidonge vya molnupiravir vilivyonunuliwa kwa ajili ya watu wakati wa UVIKO-19. Mwezi Agosti mwaka huo ilikubali vitolewe kwa madaktari wa wanyama. Naisifu serikali hiyo. Haikusema, "Hivi ni vya watu, heri vioze kabatini."

Tena tukumbuke nani alitangulia kumsaidia mwenziwe. UVIKO-19 ulipoanza kuenea duniani mwaka 2020, watu wengi waliuliza kama virusi vya korona vinaweza kushindwa kwa dawa ndani ya mwili ulio hai. Paka walikuwa wamekwisha kulijibu swali hilo mwaka 2016, 2018 na 2019. Remdesivir iliruhusiwa Marekani kwa dharura tarehe 1 Mei 2020, na ikapewa idhini kamili mwezi Oktoba mwaka huohuo. Kwa watu haikuwa na nguvu kubwa kama ile ambayo nduguye alionyesha kwa paka. Lakini ilitumika mahospitalini katika nchi nyingi. Dawa ya deni ni kulipa, na binadamu alikuwa na deni kwa paka.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wanyama wa matajiri wa ng'ambo tu. Duma wetu wa mbuga za Afrika ni wa jamii ya paka, naye hushikwa vibaya na virusi hivyo. Mwaka 1982 na 1983 virusi vya korona viliingia katika kundi la duma waliofugwa katika hifadhi moja ya Oregon, Marekani, na zaidi ya nusu ya kundi walikufa katika miaka iliyofuata. Duma wote wanafanana mno kwa urithi wa damu, hivyo ugonjwa unaomuua mmoja huweza kuwaua wengi. Anayejifunza kumtibu paka wa jikoni anajifunza pia kumtibu duma wa mbugani.

Nije sasa kwenye hoja ya wale wanaocheka: mbona fedha zitumike kwa paka hali watoto hawana dawa? Ni hoja nzito, na sitaki kuikwepa. Lakini aliyewanyima watoto dawa si paka. Ugonjwa wa malale umewaua watu wengi sana katika Kongo, katika kaskazini-magharibi ya Uganda na katika Sudan ya Kusini. Dawa iitwayo eflornithine ilikuwa inawaponya hata waliofikwa na ugonjwa kichwani. Katika miaka ya 1990 iliacha kutengenezwa, kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa maskini na haikuleta faida. Mwaka 2000 ikarudi madukani kama mafuta ya kuzuia nywele zisiote usoni mwa wanawake! Ndipo mwaka 2001, baada ya kelele za madaktari na watu wengine, mapatano yakafanywa na Shirika la Afya Duniani, na dawa ikaanza tena kuwafikia wagonjwa.

Mnaona basi kwamba ni kosa lilelile. Paka wa California na mkulima aliyeumwa na mbung'o walifungiwa katika kabati moja, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa watu wanaotazama faida tu. Tukiwacheka wanaopigania paka, twawacheka watu ambao kesho wangetusaidia kuufungua mlango wetu wenyewe.

Kwa hiyo natoa maoni matatu. La kwanza, kampuni yenye dawa iliyokwisha kuonekana kwamba yaponya ugonjwa wa kufisha, nayo haitaki kuiuza kwa wagonjwa hao, ilazimishwe kumpa mwingine ruhusa ya kuitengeneza kwa malipo ya haki. La pili, ruhusa hiyo iende pamoja na cheti cha daktari na ukaguzi wa serikali, ili tusitoke katika kabati tukaangukia magendo. La tatu, madhara yatakayoonekana kwa mnyama aliyekuwa mahututi yasitumiwe peke yake kuikataa dawa ya watu. Wakaguzi ni watu wenye elimu, na wanaweza kuyapima kwa akili. Hofu ya kampuni ikiondolewa hivyo, haitakuwa na sababu ya kufunga mlango.

Na kwenu wasomaji wenzangu mnaosoma sayansi nina neno moja. Makerere, Nairobi na Sokoine wanafundisha udaktari wa wanyama, na wengi wetu huutaja baada ya kazi nyingine zote, kama mtu anayetaja chakula cha jana. Fikirini tena. Wanahitajika huko vijana watakaotafuta dawa za ng'ombe, mbuzi, kuku na paka wetu. Wanahitajika vilevile vijana watakaosomea sheria, wajue jinsi dawa inavyotoka maabara hadi kufika mkononi mwa mgonjwa. Profesa Pedersen alipoanza kazi yake hakuna aliyemwambia kwamba itachukua nusu karne. Aliifanya, ikafanikiwa, na baada ya hapo wagonjwa wakangoja miaka mingine mitano kwa sababu ya karatasi. Nusu karne ya kwanza haikuepukika. Ile miaka mitano iliepukika, na ni juu yetu kuhakikisha kwamba katika nchi zetu hairudiwi.